Tangi la Maruti ya Ami: hitilafu mbili, dalili moja

Gari yenyewe ni Suzuki SJ410, zile ambazo hapa Mombasa kila mtu aziita Maruti hata kama haikutoka India. Injini ndogo F10A ya sisi (cc) 970, kabureta ya kuchanganya mafuta na hewa, pampu ya mafuta ya kusukumwa na kemu, ile shafti ya ndani ya injini, wala si ya umeme, na tangi la lita 40 ambalo liko nyuma kabisa, chini ya pale unapoweka mizigo, nyuma ya difu, ile gia ya ekseli ya nyuma. Mwenyewe ni mzee wa Mtwapa, mie namwita Ami ingawa hatuna udugu wa damu, na kazi kubwa ya gari hiyo ni kuvuta boti. Maji yakijaa yuwairudisha rivasi ufukweni mpaka trela iingie baharini, boti ielee, kisha apanda juu na gari. Shikeni hilo la rivasi manake ndio mzizi wa maneno yote haya.

Malalamiko yake yalikuwa hivi: asubuhi gari yawaka vizuri, yaenda vizuri, halafu ikishakolea barabarani spidi ya kama 70 yaanza kukosa nguvu, yakatakata, yazima. Wangoja robo saa hivi, wapiga stata, yawaka kama hakuna lolote lililotokea. Ilishamzimia katikati ya daraja la Nyali saa ya watu kwenda kazini, matatu zapiga honi nyuma, tuktuk zapenya kila upande, na yeye kasimama nje mkono kiunoni.

Kabla ya kufika kwangu ilikuwa imepitia mikono mingi. Plagi mpya, koili mpya, kabureta imefunguliwa na kuoshwa zaidi ya mara moja, pampu imebadilishwa. Na kila fundi alikuwa mkweli kwa upande wake, kwa sababu gari ikilala gereji imepumzika, na ikipumzika yapona yenyewe, kwa hivo ukimaliza kuosha kabureta ukiizungusha mtaani yaenda tu vizuri, wachukua pesa yako kwa amani. Ami akifika Bamburi ndio yaanza tena. Mie kwa gari inayozima ikishatembea na kuwaka ikishapumzika siendi kwa kabureta kwanza, naanza nyuma.

Nikamwambia siku itakayozima usiguse kitu, fungua kifuniko cha tangi usikilize. Akanipigia simu akiwa Kiembeni, amefungua na kimefanya fyuuu ya kuvuta hewa ndani. Kumbe kile kifuniko cha asili alishakipoteza petroli stesheni zamani, akanunua kingine cha kufunga na ufunguo, kizuri kwelikweli, lakini hakina tundu la kupumua. Na ule mpira mdogo wa kupumulia tangi nao ulikuwa umekunjika na kuziba tope. Sasa pampu ikivuta mafuta lazima hewa iingie mahali pake, isipoingia tangi labaki na uvutano ndani, na hizi pampu za kemu hazina nguvu za kushindana na hilo, mwishowe kabureta yakauka. Ukingoja, hewa yajipenyeza polepole na gari yawaka. Tukatafuta kifuniko chenye valvu ya kuingiza hewa, tukazibua mpira, Ami kafurahi, katutumia na samaki.

Furaha haikudumu. Alirudi na malalamiko mawili, na la pili akalisema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: la kwanza gari bado yazima, ingawa si kama zamani, na la pili, "tangu mlivyoigusa nyinyi sasa yavuja mafuta." Na kweli chini ya gari palikuwa na doa, na harufu wasikia ukiwa bado hujafika.

Hapa wengi huanza kugombana na mteja. Lakini kuna sababu nzuri kabisa ya tangi kuanza kuvuja baada ya kutengeneza kifuniko. Chukua chupa ya maji ya plastiki, itoboe chini kwa sindano, funga kifuniko barabara: maji hayatoki, au yatoka tone moja moja. Legeza kifuniko uone. Tangi la Ami lilikuwa limeshatoboka zamani, ila ule uvutano wa ndani ulikuwa wayashikilia mafuta. Tulipolipa hewa likaanza kumwaga. Halafu fikiria upande wa pili: tangi lenye uvutano ndani na vitobo chini, wairudisha gari rivasi mpaka maji ya bahari yafika kwenye tangi, hapo vile vitobo vitafanya nini kama si kunyonya? Nikashuku maji ya chumvi ndani hata kabla sijafungua kitu.

Kwanza lakini nilitaka uhakika kwamba kuzima kwa mara hii ya pili ni kwa tangi na si kwa pampu mpya. Kipimo chake ni rahisi na sijui kwa nini watu hawakifanyi: chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, chomeka mwingine unaotoka kwenye kijerikeni kidogo cha mafuta masafi kilichofungwa imara mbali na egzosi, kisha endesha. Tukaenda hadi Kikambala na kurudi, gari ikawa haikosi hata pumzi moja. Basi pampu nzima, kabureta nzima, tatizo liko baina ya mpira wa pampu na sakafu ya tangi. Nikapuliza ile paipu kuelekea nyuma, mwanzo nzito, halafu pu, ikafunguka na mapovu yasikika ndani ya tangi. Ndio hivo. Magamba ya kutu yavutwa kwenye chujio la paipu ya kunyonyea, yaziba, injini yazima, mvuto ukiisha magamba yaanguka chini, njia yafunguka, gari yawaka. Dalili ni ileile ya kifuniko kasoro ile sauti ya fyuuu, na ndio maana tulipotibu la kwanza la pili likabaki.

Tangi likashushwa. Kabla ya chochote betri ikatolewa waya, na kazi yenyewe haikufanyika mahali petu pa kawaida kwa sababu pale kona kuna mama wa viazi karai na jiko lake, na upepo wa kaskazi ulikuwa wapiga kutoka kwetu kwenda kwake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, haupandi juu ukapotea, watambaa chini kama maji mpaka upate moto. Tukaisukuma gari uwanja wa nyuma ambako upepo waenda kwenye ukuta mtupu.

Nati ya kumwagia mafuta ilikuwa imeshikana na kutu, hivo tukatoa kwa pampu ya mkono. Usinyonye kwa mdomo hata kama umefanya hivo tangu utoto, petroli ikipita njia ya hewa ikaingia mapafuni ni hospitali. Ya kwanza kutoka niliweka kwenye chupa ya kioo nikaiacha itulie: juu petroli, chini maji ya rangi ya chai, na chini zaidi vumbi jekundu na magamba membamba. Ami akaiangalia ile chupa muda mrefu. Akasema, "Na mie nilikuwa nailaumu petroli stesheni."

Kinga, ile sahani ya chuma iliyo chini ya tangi ya kuzuia mawe, ilipofunguka ikaanguka na mchanga wa kujaza karai. Mchanga wa pwani, umeganda, mbichi bado kwa unyevu wa chumvi. Hii kinga ni kitu kizuri ukiwa kwenye mawe huko Taru, lakini kwa gari inayoingia baharini yageuka kuwa sinia la kuwekea tangi kwenye chumvi usiku na mchana. Ami huosha gari kila akitoka pwani, sikatai, aiosha bodi na magurudumu na kioo. Huko juu ya kinga hakuna mpira wa maji uliowahi kufika.

Bolti mbili zilikataa katakata. Kijana wangu keshanyanyua grenda, nikamwambia weka chini. Tangi limetolewa mafuta lakini halijatolewa mvuke, na cheche moja yatosha. Zikakatwa kwa msumeno wa mkono huku twadondoshea oili, kazi ya kuchosha na ya jasho lakini hakuna njia ya mkato hapo.

Tangi lenyewe juu lilikuwa na rangi yake ya kiwandani, utasema la juzi. Ukiligeuza, nusu yote ya chini iliyokuwa yalalia mchanga imebaki karatasi. Nilisukuma ncha ya bisibisi kwa kidole tu ikaingia. Matangi ya zamani kama haya mengi yalitengenezwa kwa bati lililopakwa ngozi nyembamba ya risasi na stani, na ngozi hiyo ndio ilinde chuma, ikishaliwa mahali pamoja basi maji yaliyolala chini yafanya kazi kwa haraka sana.

Sasa hapa ndipo mjadala mrefu ulipokuwa, na kila mpita njia ana lake. Ami alitaka kuziba. Kuna sabuni ya kipande, ambayo nakubali yafanya kazi, petroli haiyeyushi sabuni, ukisugua kwenye kitobo chazibika ukafika nyumbani. Kufika nyumbani, si kuishi nayo. Kuna gundi za epoksi za kukanda, nazo zashika vizuri kwenye chuma kizima kilichosuguliwa kikang'aa, lakini kwa tangi hili ukisugua utapata tundu kubwa zaidi badala ya chuma.

Jirani mchomeleaji akasema mpeni yeye, atalijaza maji kisha achome. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, na hili watu hawaliamini mpaka waone. Lililojaa lina mvuke tu bila hewa ya kutosha, lakini tupu lina mvuke na hewa pamoja, na mchanganyiko wa asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mvuke ndio unaolipuka, kijiko kilichobaki kwenye mkunjo wa bati chatosha. Ukichemsha bati, mabaki yaliyojificha kwenye mshono yatoa mvuke mpya hata kama uliosha jana. Kujaza maji kwapunguza nafasi ya mvuke, ni kweli, na wako waliofanya hivo miaka na wazima. Lakini tuache hata hatari, nilimwuliza swali moja: utachoma juu ya nini? Bati likiwa karatasi moto wafukuza tundu mbele, waziba moja yazaliwa tatu. Hapo akanielewa upesi zaidi kuliko nilipomtajia mlipuko.

La skrepu tulitafuta, tukalipata moja zuri la kuvutia, limepigwa rangi nyeusi ya juzijuzi. Rangi mpya kwenye tangi kuukuu ni dalili mbaya sikuzote. Nikamulika ndani kwa tochi kupitia tundu la senda, kile kifaa cha ndani ya tangi cha kuipa geji kiasi cha mafuta, kutu tupu. Muuzaji kanambia utaoshea kokoto na asidi litatakata. Litatakata na kuwa jembamba, kisha Mombasa na unyevu huu litarudi kutu kabla hujalifunga. La kuagiza nje lilikuwepo pia, jipya, lakini kungoja ilikuwa shida manake kaskazi ndio msimu wa Ami, bahari imetulia, kusi ikiingia boti ndogo kama yake hukaa zaidi nchi kavu.

Kwa hivo tukatengenezesha. Chuma gani? Ami: stenlesi, haishiki kutu. Si kweli kabisa, na kwa pwani ni vizuri kulielewa hili kabla ya kutoa pesa. Stenlesi ya kawaida 304 yategemea hewa kuweka ile ngozi yake ya kujilinda, ukiilaza kwenye mchanga wenye chumvi pasipopita hewa yatoboka vitobo vidogo vidogo vya kuingia ndani. 316 imeongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3 na yastahimili chumvi zaidi, lakini bati lake lilikuwa la kuagiza na bei yapaa. Alumini ni nyepesi na maboti mengi yatumia, tatizo ukiigusanisha na chesisi ya chuma na maji ya chumvi katikati, alumini ndio yaliwa. Chuma cha kawaida ni rahisi na fundi yeyote achoma, ila ndani kitabaki uchi, na gari ya Ami yakaa nusu tangi wiki nzima ikipata jasho la usiku. La mabati yenye zinki usithubutu, zinki haipatani na mafuta yakikaa, yatoa uchafu wa kuziba kabureta. Tukaenda na 304, kwa sharti langu kwamba lisilale juu ya kitu chochote.

Mchomeleaji wa agoni, ile gesi ya kuchomea stenlesi, huku hakosekani, wako wanaotengenezea mahoteli na maboti. Tangi la zamani likapelekwa kama kipimo, limeshaoshwa na kujazwa maji, halikukatwa. Nilimsisitizia vizuizi vya ndani, manake lita 40 ni kama kilo 30 zinazorukaruka kwenye kona, na kila kizuizi kikatwe pembe za chini ili mafuta yapite kote na pembe za juu ili hewa ipite. Paipu ya kunyonyea iishie kama sentimita moja juu ya sakafu, na nati ya kumwagia iwe pale chini kabisa, ili maji yakiingia yatoke.

Kisha kupima. Alikuwa ataka kulitia upepo wa kompresa. Bati la sentimita 60 kwa 40 ni sentimita mraba 2,400, na upepo wa bar moja tu (bar ni kipimo cha msukumo wa hewa) wamaanisha zaidi ya tani mbili zasukuma bati hilo, litavimba liwe mtungi au mshono upasuke usoni mwako. Tukajaza maji, tukachomeka mpira uliosimama mita moja juu ya tangi, tukaujaza nao. Hiyo ni sehemu ya kumi ya bar, yatosha kabisa, na huhitaji geji. Mshono mmoja wa kona ukatoa jasho. Ukachomwa tena, ukapimwa tena, ukakauka.

Kufunga kuliendelea vizuri, nitapita haraka. Vipande vya mpira mgumu baina ya tangi na chesisi kila mahali vinapogusana, washa za nailoni kwenye bolti, mipira yote mipya ya mafuta pamoja na ule mkubwa wa kujazia ambao ulikuwa na nyufa ukiukunja. Senda ilifungwa na gasketi ya nitrili, mpira usioliwa na petroli. Hakuna silikoni hapo, tafadhali, najua mafundi twaipenda lakini petroli yailainisha na vipande vyake utavikuta kwenye jeti, vile vitundu vya mafuta vya kabureta. Paipu za chesisi zilipulizwa, bakuli la kabureta likafunguliwa likatolewa vumbi, na filta ya plastiki ya kuonyesha ndani ikawekwa, ambayo ilibadilishwa tena baada ya muda mfupi manake mabaki ya zamani yaendelea kuja. Kinga ilirudi ikiwa imetobolewa matundu mengi makubwa na kushushwa kwa vipande vya paipu, mkono wapita baina yake na tangi, na mpira wa maji wapita pia.

Gari ikawaka. Ikaenda Kilifi na kurudi haikuzima. Lakini geji ya mafuta ikawa imelala E na tangi limejaa, na Ami, ambaye sasa ameshakuwa mtaalamu, akasema senda imekufa. Haikufa. Nilipogusisha waya wa senda kwenye bodi mshale ukapanda hadi F, kwa hivo geji na waya wazima, na senda yenyewe kwenye mita ikaonyesha omu chache tu floti, lile boya lake, ikiwa juu na zaidi ya 100 ikiwa chini, kama inavyotakiwa. Kilichokosekana ni njia ya kurudi: senda ya gari hii yapata eti (earth, njia ya umeme kurudi) kupitia bati la tangi hadi chesisi, na sisi tumelifungia tangi lote kwenye mpira na nailoni. Waya mmoja mnene kutoka skurubu ya senda hadi chesisi, mahali palipokwanguliwa rangi, kisha grisi juu, na mshale ukaamka. Waya huo ni muhimu hata kama geji yako haifanyi kazi, kwa sababu tangi la chuma lisilo na eti lajikusanyia umeme wakati wa kujazwa, na hapo ndipo mvuke uko mdomoni.

Umbo la tangi jipya si sawasawa na la zamani, hivo geji haisemi ukweli kamili. Tulimwaga yote, tukaanza kutia lita tano tano huku Ami yuko ndani asoma mshale na kutia alama kwa kalamu kwenye kioo cha geji. Nusu yake sasa ni lita 23. E ikigusa zimebaki kama 6. Na gari siku hizi haiingii baharini na trela, yasimama mchanga mkavu, Ami afungua trela, vijana waishusha kwa kamba ndefu iliyofungwa kwenye ndoano ya nyuma ya gari, na akitoka hapo mpira wa maji waanzia chini kabla ya kioo.